Mistari Miwili Pembeni

Mwaka 2004, nikiwa kidato cha nne, tulikuwa tukikaa Majengo, Mombasa. Usiku mmoja nilikwama kwenye mfano wa kalkulasi, hesabu ya jinsi vitu vinavyobadilika, ambao mwandishi wa kitabu mwenyewe alikuwa ameshaufanya mwanzo hadi mwisho. Zoezi likikushinda wasema ni gumu. Mfano ukikushinda, wajiona huna akili.

Ulikuwa wa kutafuta mteremko wa mchoro wa √x, kipeuo cha pili cha x, tangu chanzo: chukua √(x+h), h ikiwa nyongeza ndogo, toa √x, gawanya kwa h, kisha h iachie ikaribie sifuri. Ukiiweka sifuri mapema, wapata sifuri juu na sifuri chini, nalo si jibu. Mpaka hapo nilielewa. Mstari uliofuata ukaanza na "kwa hiyo", na tayari juu pana 1, chini pana √(x+h) + √x. Niliikodolea macho ile "kwa hiyo" mpaka chai ikapoa.

Mjomba akaingia, ametoka zamu bandarini Kilindini, alikokuwa karani wa kuhesabu mizigo. Kalkulasi hakuisoma. Akavuta kigoda, akauliza:

"Kutoka mstari huu hadi huu, nini kimetoka, nini kimeingia?"

"Sijui, mjomba."

"Hujui au hujahesabu? Mzigo ukiteremshwa melini hauyeyuki. Hesabu."

Nikahesabu. Ile h ya chini haipo. Vipeuo vilivyokuwa juu vimeshuka chini. Mjomba akaweka kidole juu ya alama ya kujumlisha.

"Hapa palikuwa pa kutoa. Nani kabadilisha?"

Moyo ukanipiga. Kidato cha tatu tulizidisha √5 − √2 kwa √5 + √2, tukapata 5 − 2, yaani 3, vipeuo vyote vikatoweka. Nikashika penseli, nikazidisha juu na chini kwa √(x+h) + √x. Juu ikabaki (x+h) − x, ambayo ni h peke yake, ikafutana na h ya chini. Sasa h ikienda sifuri hapaharibiki kitu: 1 gawanya kwa 2√x.

Katika mfano ule wote, kalkulasi ilikuwa kile kituo cha mwisho tu, h inapokwenda sifuri. Kazi iliyobaki ilikuwa aljebra ya mwaka uliotangulia, na mwandishi aliifanya kichwani asiiandike. Naumia mpaka leo nikiwakumbuka wenzangu walioiacha hesabu wakiamini kalkulasi imewashinda, kumbe waliangushwa na vipeuo, sehemu na mabano, na hakuna aliyewaambia.

Kitabu kilikuwa cha shule. Ile mistari miwili iliyorukwa niliiandika pembeni, kwa herufi ndogo. Novemba, mtihani ulipokwisha, tuliambiwa tufute maandishi yetu yote kabla ya kurudisha vitabu. Nilifuta jina langu, nikafuta na michoro. Ile mistari miwili sikuigusa.