Njegere za kula na ganda zinataka baridi kwanza

Lushoto, Juni

Masika yamekatika, ukungu unakaa bondeni hadi saa tatu, na usiku bila blanketi haulaliki. Kwa njegere za kula na ganda huu ndio wakati wake. Watu wengi huanza kwa kuuliza mbolea. Mimi naona swali la kwanza ni la hali ya hewa, kwa sababu mchana ukipanda juu ya nyuzi 27 siku kadhaa mfululizo, maua hupukutika bila kufunga, na hakuna mbolea ya kuyarudisha. Ndiyo maana zao hili linawachosha wakulima wa Tanga mjini, ilhali huku juu, kwenye mita 1,400 hivi, linastawi.

Njegere ya kawaida ina utando mgumu ndani ya ganda, ndio unaotufanya tulitupe. Calvin Lamborn, mzalishaji wa mbegu wa Marekani, alichanganya njegere ya ganda nene na ile bapa isiyo na utando huo, akapata aina iitwayo Sugar Snap, iliyotuzwa mwaka 1979. Ganda lake huliwa likiwa limejaa kabisa. Aina nyingine, Sugar Ann, ni fupi, kama sentimita 60, na inafaa kwa mwenye eneo dogo. Sugar Snap hufika mita 1.8 na zaidi, na kwa ladha ningechagua hiyo.

Kwa familia, tuta la mita 3 linatosha. Changanya ndoo mbili za lita 20 za samadi iliyoiva, na acha urea dukani: nitrojeni nyingi huleta majani mazito na maua machache, na hulegeza kazi ya bakteria wanaoishi kwenye mizizi. Bakteria hao si wale wa maharage, kwa hiyo shamba lililozoea maharage tu linaweza lisiwe nao. Ng'oa mche mmoja unapokaribia kutoa maua, pasua kinundu cha mzizi kwa ukucha. Kikiwa chekundu-waridi ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe, ongeza mboji kidogo.

Chora mistari miwili iliyoachana sentimita 20, kisha weka mbegu kila sentimita 5, kina sentimita 3. Zitaingia mbegu 120 hivi, yaani gramu 30 au pungufu kidogo. Mbegu za duka la pembejeo zenye rangi zimepakwa dawa ya ukungu: usiziloweke, usizionje, na nawa mikono. Zisizo na dawa unaweza kuziloweka usiku mmoja ikiwa udongo ni mkavu. Udongo ukiwa umelowa tayari, zipande kavu, kwani mbegu iliyovimba ikizama kwenye tope hukosa hewa na kuoza. Mwagilia mara moja, kisha subiri. Miche hutoka ndani ya siku 7 hadi 10. Huko kuoza ndiko chanzo kikuu cha mapengo, ingawa lawama huenda kwa mbegu.

Simamisha nguzo siku ile ile ya kupanda, katikati ya mistari miwili, maana ukizichimbia baadaye unakata mizizi. Chukua fito za mita 2.5, zichimbie nusu mita, kisha funga kamba za katani kila sentimita 15 kuanzia chini kabisa. Vikono vya mmea huu hushika kitu chembamba tu. Mti wenye unene wa penseli tayari umevizidi, na mmea usioshika hulala chini na kuota ukungu.

Sota, kiwavi wa udongoni, hukata miche usiku. Fukua udongo kando ya mche ulioanguka utamkuta amejikunja. Ndege aitwaye kuzumburu hung'oa majani machanga, kwa hiyo funika kwa wavu hadi mimea ifike goti. Michoro myeupe kwenye majani ni ya vidomozi, wadudu wanaotoboa njia ndani ya jani. Chuma majani hayo mapema uyachome. Ninayemhofia zaidi ni ubwiriunga, ukungu mweupe kama unga juu ya majani. Huyu hahitaji mvua: siku kavu zenye usiku wa baridi humtosha, na Juni yetu ndivyo ilivyo. Mwagilia shinani asubuhi, usibananishe mimea, na unapoona vumbi jeupe la kwanza nyunyiza salfa jioni, si jua kali. Mnyauko wa mizizi hauna tiba. Hamisha njegere kitalu kingine kwa miaka 3 au 4.

Ganda lililo tayari utalijua: limenenepa, linang'aa, likivunjwa linalia. Shika kikonyo kwa mkono mmoja na ganda kwa mwingine, la sivyo unang'oa tawi zima. Chuma kila baada ya siku mbili. Maganda yakizeeka mtini, mmea huona umemaliza kazi na kuacha kutoa maua. Sukari nayo huanza kugeuka wanga mara tu baada ya kuchuma, hivyo zipeleke kivulini, kisha jikoni. Vuta uzi wa mgongoni, kaanga dakika mbili, zisipoteze mlio wake.

Kwa mbegu ya msimu ujao, tenga mapema mimea mitano iliyo mizima zaidi, usiichume hata ganda moja. Ua hujichavusha kabla ya kufunguka, hivyo mbegu hubaki na tabia ya mama. Acha maganda yakauke hadi rangi ya kahawia. Yatasinyaa na kuzibana mbegu, nazo zitakuwa na mikunjo kwa sababu ya sukari. Zianike kivulini, kisha zikae kwenye friza siku chache ndani ya chupa iliyofungwa, ili bungua aliyejificha ndani afe kabla hajatoboa.