Mama kazaliwa lini?

Leo asubuhi tumekaa uani hapa Moshi, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Upande wa pili ni mdogo wetu, yuko Marekani, anajaza fomu.

Ana miaka 36, kazi yake ghala na manunuzi. Anaomba uofisa wa ugavi, jeshi la akiba la wanamaji. Wikiendi moja kwa mwezi, na kama wiki mbili kwa mwaka.

Wenye ndugu huko waambieni mapema: grini kadi haitoshi kwa uofisa. Ni uraia, na shahada.

Lakini kinachochosha hasa ni SF-86, fomu ya upekuzi. Inataka kila ulipoishi miaka 10, bila pengo la tarehe. Halafu wazazi na ndugu: majina kamili, uraia, kuzaliwa lini na wapi.

Hapo tukakwama.

Kitambulisho cha NIDA cha mama: 1 Julai.
Cheti cha ubatizo: Novemba.
Mama mwenyewe, akichambua maharage: "Nilizaliwa kahawa ikichumwa."

Mama, miezi yote hiyo kahawa inachumwa!

Tumeandika ya NIDA, tukaweka alama kuwa ni makadirio, na kwenye nafasi ya maelezo tukataja cheti cha kanisa. Usichague tarehe nzuri ukanyamaza. Wapekuzi wakikuta nyingine watauliza kwa nini ulificha.

Nyie wenye wazazi wa 1 Julai na 1 Januari, mliandikaje?