Kiambatisho B

Asubuhi moja ya mvua mwaka 2014 niliketi benchi la nyuma katika Mahakama Kuu, Divisheni ya Biashara, jijini Dar es Salaam, nikimsikiliza baba yangu mdogo akihojiwa juu ya mkataba ambao mimi ndiye niliyemtafsiria.

Nilipoutafsiri nilikuwa mwaka wa pili wa masomo ya sheria, na nilijiamini kuliko nilivyostahili. Ulikuwa mkataba wa ubia wa aina iliyozoeleka Kariakoo: mwenye kiwanja anakubali nyumba yake ya vyumba sita ivunjwe, mwekezaji analeta fedha, ghorofa linasimama, kisha wanagawana. Kurasa kumi na nane za Kiingereza nilizimaliza kibarazani kabla chai haijapoa. Palipoandikwa kwamba mwenye kiwanja atapata asilimia 25 ya eneo linalopangishika, nilisema, "Robo ya jengo, baba mdogo," nikafungua ukurasa unaofuata.

Anayeijua Kariakoo anajua kwamba robo si lazima ilingane na robo nyingine. Fremu za chini, yaani vyumba vya maduka, zinazotazama barabara ndizo zinazogombewa na kulipiwa kilemba, fedha ya kuachiwa chumba mbali na kodi. Jengo la ghorofa nane lilipokamilika, mwekezaji alimkabidhi baba mdogo ghorofa ya saba na ya nane, wakati lifti yenyewe ilikuwa bado shimo lililozibwa kwa mbao. Kwa hesabu ya mita za mraba, robo ilitimia. Zaidi ya hayo alimdai mchango wa gharama za ujenzi zilizoongezeka, kwa hoja kwamba wabia hugawana hasara kama wanavyogawana faida.

Kizimbani baba mdogo alitaka kueleza jambo moja tu, kwamba mwekezaji alimwahidi kwa mdomo wake, palepale kibarazani, fremu sita za chini. Wakili wa upande wa pili alisimama hata kabla sentensi haijaisha, akataja kifungu cha 101 cha Sheria ya Ushahidi: masharti ya mkataba yakishawekwa kwenye maandishi, maneno ya mdomo hayapokelewi ili kuyapinga, kuyabadili, kuyaongeza wala kuyapunguza. Pingamizi likakubaliwa. Baba mdogo akageuka kunitazama, kana kwamba mimi ndiye niliyetunga kifungu hicho.

Kisha wakili wetu akaomba shahidi aoneshwe kiambatisho B, yaani ramani ya ghorofa ya chini iliyokunjwa mara nne na kubanwa kwa pini mwishoni mwa mkataba. Siku ile kibarazani niliipita bila kuifungua, maana ilikuwa michoro tu, na mimi nilikuwa natafuta maneno. Fremu nne za upande wa barabara zilikuwa zimepigwa mistari ya wino wa kijani, na pembeni kulikuwa na saini fupi za pande zote mbili.

Hukumu ilisomwa miezi kadhaa baadaye. Jaji alianza na kauli ambayo mawakili wetu huipenda, ya kesi ya Abualy Alibhai Azizi dhidi ya Bhatia Brothers, kwamba mahakama haiwi nyepesi kumwondoa mtu katika mkataba aliouingia kwa hiari yake. Kisha akaeleza kwamba mkataba husomwa wote kwa pamoja, viambatisho vikiwamo, na kwamba kifungu cha asilimia 25 kinataja kiasi bila kutaja mahali, ilhali mahali panaoneshwa na ramani. Tulikuwa tumemwomba pia autafsiri utata dhidi ya upande ulioandika mkataba, kanuni tuliyoipenda sana chuoni. Hakuona haja nayo, kwa kuwa wino wa kijani haukuwa na utata wowote. Fremu nne zikawa za baba mdogo. Zile mbili za maneno ya kibarazani zilipotea.

Kuhusu gharama, alisema jina la ubia peke yake haliwafanyi watu kuwa washirika wa biashara kwa maana ya kifungu cha 190 cha Sheria ya Mikataba, ambacho kinatazama kama wamekubaliana kuunganisha mali, nguvu au ujuzi katika biashara na kugawana faida yake. Hawa waligawana jengo, kila mmoja akapangisha sehemu yake na kula kodi yake. Tena ukurasa wa kumi na nne ulitamka wazi kwamba ujenzi ni kwa gharama za mwekezaji pekee. Huo nao niliuruka.

Jioni hiyo baba mdogo aliniita kibaraza cha nyumba aliyopanga Magomeni, akanipa nakala ya hukumu, nayo ya Kiingereza, akaniambia nimsomee. Nilipofika aya ya pili alininyoshea mkono.

"Subiri kwanza. Hapo unanisomea, au unanieleza?"

Nikarudi mwanzo wa aya.