Mbwa walivyofukua dinosaria wangu

Mwalimu mwenzangu aliniambia safari ya mambo ya kale bila Olduvai, lile bonde la mifupa ya binadamu wa kale, ni utani. Sawa, lakini kutoka Dar mpaka Ngorongoro na watoto 41 wa darasa la sita, kwa hela ya nani? Mwingine akasema, "Wapeleke tu Makumbusho ya Taifa pale Posta, watajifunza wenyewe." Nilishawahi. Walinakili maelezo ya ukutani, wakauliza aiskrimu inauzwa wapi, tukarudi.

Safari hii nikataka kwanza wachimbe mifupa wenyewe, kama watafiti. Mama ntilie wa jirani aliniwekea mifupa ya supu siku tatu, bure. Nikaichemsha kidogo, jioni nikaifukia kwenye mchanga wa kuruka chini, nikaenda kulala najiona mtaalamu.

Asubuhi mlinzi kanipokea getini anacheka. "Mwalimu, wanafunzi wako wa miguu minne wameshamaliza somo." Mbwa wa mtaa mzima walikesha pale. Niliachiwa kwato moja na kandambili ambayo mpaka leo haina mwenyewe.

Aliyeniokoa ni fundi dari. "Kwani humwagii jipsamu, madam?" Ni ule unga wa dari unaoganda ukitiwa maji; mfuko niliununua elfu ishirini na kitu. Safari ya pili nikaichemsha mifupa kwa sabuni ya unga mpaka ikawa haina harufu, nikaipanga kwenye mabeseni, nikamwagia jipsamu na mchanga. Mchanga uwe mwingi! Beseni langu la kwanza liligeuka zege, tukaomba nyundo.

Kila kundi likapewa misumari na brashi kuukuu za rangi. Darasa lenye kelele kuliko yote shuleni likanyamaza. Binti mmoja alipuliza vumbi kwenye jino la ng'ombe kama anapoza uji wa mtoto.

Wakiwa bado na vumbi nikawaambia habari za Tendaguru kule Lindi: Wajerumani walichimbisha kati ya 1909 na 1913, wapagazi wakabeba mifupa kwa miguu hadi pwani, na dinosaria aliyeunganishwa amesimama Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Tukapima kwa kamba ya manila kuanzia mlingoti wa bendera. Kichwa kikaishia chooni kwa wavulana, ndipo wakaamini.

Makumbusho tukaenda wiki iliyofuata. Nikawaeleza kwamba Zinjanthropus, zamadamu aliyeonwa Olduvai na mtafiti Mary Leakey mwaka 1959, ana umri wa miaka kama milioni 1.75, na fuvu lake lilipatikana vipandevipande. Kijana mmoja akanyoosha kidole.

"Mwalimu, na hili mbwa walilikosakosa?"