Kutoka Nyamisati kwenda Kilindoni

Tulitoka Nyamisati kwenda kisiwa cha Mafia maji yamejaa, boti imesheheni magunia ya mchele na kreti za soda. Kwa muda mrefu sikuona kitu ila mikoko. Kila mkono wa mto unafanana na mwenzake. Ukigeuka nyuma hujui umetokea wapi.

"Nahodha, meli kubwa inaweza kujificha humu?"

"Mwanangu, humu hata kijiji kinajificha."

Iliyonileta ni Königsberg, manowari ya Wajerumani ya Vita Kuu ya Kwanza. Septemba 20, 1914 iliipiga Pegasus ya Waingereza pale Unguja ikazama, kisha ikarudi kujificha kwenye delta hii ya Rufiji. Kutoka baharini haikuonekana, ikabidi itafutwe kutoka angani. Dennis Cutler, rubani wa kiraia aliyekodiwa na ndege yake ya majini kutoka Durban, aliiona Novemba. Desemba ndege ilimshinda, akashuka mtoni na kutekwa. Ndege zilizoletwa baadaye zilishindwa na joto letu: injini zilikosa nguvu, na gundi ya mbao ikaachia.

Tulipotoka mlangoni, kusi ilitupokea. Maji yaliruka mpaka kwenye magunia, mama mmoja akamfunika mwanawe kwa khanga. Nikawafikiria wale wanaanga wa Waingereza waliopaa kutoka Mafia, wamekaa wazi mbele ya ndege ya Farman ya nguo na waya, injini ikinguruma mgongoni.

Julai 11, 1915 walikuwa wawili, John Cull akirusha na Arnold akitazama. Chini yao Severn na Mersey, manowari za Waingereza, zilipiga mizinga bila kuiona shabaha. Arnold ndiye aliyewaambia kombora limeangukia wapi, akigonga simu ya upepo kwa vidole. Ndege ikapigwa, injini ikafa. Cull akaiteremsha polepole kuelekea Mersey, na muda wote huo Arnold hakuacha kugonga, akiwasahihishia wapigaji wakati yeye mwenyewe anaanguka. Hapo ndipo moyo wangu husimama kila nikiisoma habari hii. Ndege ilipinduka majini, Cull akabanwa na mkanda, akajinasua chini ya maji. Siku hiyohiyo Kapteni Looff wa Königsberg aliizamisha meli yake mwenyewe.

Nilimsimulia nahodha hayo yote huku Kilindoni ikianza kuonekana. Alinyamaza kitambo, mkono kwenye usukani.

"Na yule wa kugonga simu, alitoka?"

"Alitoka. Mashua ya Mersey iliwaokota wote wawili."

"Alhamdulillahi," akasema, akapunguza mashine.