Kipi Kilale, Kipi Kisimame?

Jumamosi iliyopita mpwa wangu, aliye kidato cha tatu, alinijia hapa Walukuba, Jinja, akiwa na karatasi ya grafu iliyokunjwa mara nne. "Mjomba, hesabu yangu ni sahihi, lakini nimekoseshwa," akasema.

Alikuwa ametundika vipande vya chuma vya gramu 100 kwenye springi, kimoja baada ya kingine, hadi gramu 500, na kila kipande kikairefusha kwa takriban sentimita 4. Uzito aliulaza kwenye mhimili wa x kwa nyutoni, kipimo cha nguvu (gramu 100 huvuta kwa takriban nyutoni 1), nao urefu ulioongezeka akausimamisha kwenye mhimili wa y kwa mita. Nukta zake tano zilikaa vizuri na mstari ulinyooka. Mteremko ulikuwa 0.04, naye akaandika chini kwamba ugumu wa springi ni 0.04.

Wanafunzi hukaririshwa kwamba kigeu huru, yaani kile tunachokibadilisha kwa hiari yetu, hulala, na kigeu tegemezi, kinachobadilika kwa sababu hiyo, husimama. Yeye aliifuata kanuni hiyo barabara. Kosa lilikuwa katika kuusoma mteremko, ambao daima ni kilichosimama kugawanywa kwa kilicholala. Hapa ni mita kwa nyutoni, kipimo cha ulaini wa springi, ilhali ugumu ni nyutoni kwa mita. Gawanya 1 kwa 0.04, utapata 25. Kama uzito ungesimama, hiyo 25 ingetoka yenyewe.

Ndiyo maana, kabla ya kuuliza kipi ni huru, mimi huuliza nataka mteremko uniambie nini, na kwa vipimo gani. Katika mtihani, bila shaka, swali huwa limekwisha kuamua: ukiambiwa uchore urefu dhidi ya uzito, kilichotajwa kwanza ndicho kinachosimama, na huo si wakati wa kuonyesha ujuzi wa kubishana.

Nje ya maabara, kanuni ya kukariri huvunjwa na watu wazima wenye akili zao. Wanauchumi husimamisha bei na kulaza kiasi, desturi iliyoenezwa na Alfred Marshall katika kitabu chake cha mwaka 1890, ingawa wao wenyewe hufundisha kwamba mnunuzi huangalia bei ndipo aamue kiasi. Hapa kwetu Jinja, bwawa la Owen Falls kwenye mto Nile lilipozinduliwa mwaka 1954, maji ya kuachiliwa yalipangwa yafuate kina cha Ziwa Victoria, kana kwamba mto ungali ukijimwagia wenyewe. Kwa kanuni ya darasani, kina ndicho huru na kingelala. Lakini wataalamu wa mito kwa kawaida hukisimamisha na kuulaza mtiririko, kwa kuwa maji hupanda kwenda juu na jicho hutaka kuyaona yakipanda. Nami nawaunga mkono.

Lipo jambo moja ambalo mchoraji wa penseli halioni. Kompyuta inapochora mstari wa wastani kwa njia ya kawaida, hupima umbali wa nukta kutoka kwenye mstari kwa wima tu, kana kwamba kilicholala hakina kosa lolote. Nukta zikitawanyika, ukibadilishana mihimili utapata mstari mwingine kabisa, wala si ule ule uliopinduliwa. Basi kilichopimwa kwa mashaka zaidi na kisimame. Vipande vile vya chuma vilitoka kiwandani vikiwa na uzito wao, lakini urefu aliusoma yeye kwenye rula, springi ikiwa bado inatikisika.

Kwa hiyo nilimwambia asichore upya. Alichukua kalamu, akaandika "mita kwa nyutoni" pembeni ya 0.04, akakata neno "ugumu", kisha chini yake akaweka mstari mmoja wa hesabu unaoishia na 25. Karatasi akaikunja tena mara nne.