Breki ya Bunduki ya Mjomba

Mjomba aliniita "mama" kwa sababu nimepewa jina la mama yake mzazi. Siku ile kwenye bonde la Ruvu aliniita hivyo mara tatu, nami nimechuchumaa hatua mbili tu kutoka kwake, na sikumsikia hata mara moja.

Ilikuwa mwaka 1996, nina miaka 15. Mjomba alikuwa bwana nyama mstaafu, anakaa Magomeni, hapo hapo Bagamoyo mjini. Bunduki ilikuwa yake, imeandikwa kwenye leseni yake: kaliba .375, ile ambayo risasi zake zilitolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912. Kichwa cha risasi kina gramu 19 na ushei, na kinatoka mtutuni kwa kasi inayopita mara mbili ya kasi ya sauti. Bunduki ya namna hiyo ikifyatuliwa inapiga teke begani. Na mjomba alikuwa amevunjika mfupa wa bega la kulia kwa kuanguka na baiskeli njia ya Kaole.

Bega lilipopona, jicho likaharibu kazi. Kidole kikianza kukaza kwenye kifyatulio, jicho linafumba lenyewe kwa kuogopa teke. Kwa mtu anayelenga makopo hilo ni dogo. Mjomba alikuwa akiitwa kila viboko wakimaliza mpunga wa watu, na kiboko aliyejeruhiwa anarudi majini na uchungu wake, kesho akina mama wanashuka hapo hapo na ndoo. Kwa hiyo simlaumu kwa kutafuta dawa ya lile teke, sikumlaumu hata siku ile.

Fundi wa silaha mmoja, mwenye leseni, alimkatia nyuzi kwenye mdomo wa mtutu na kumfungia breki. Niliishika mkononi kabla haijafungwa. Kipande cha chuma cheusi, kirefu kama kidole changu cha kati, kizito kuliko kinavyoonekana, kina matundu ubavuni kama filimbi. Mjomba alinieleza kama alivyoelezwa: risasi ikitoka, hewa ya moto ya baruti inaifuata kwa nyuma. Bila breki hewa hiyo inaruka mbele yote, na bunduki inasukumwa nyuma. Ukiweka breki, hewa inagonga kingo za matundu na kuchepuka pembeni, na ule mgongano unauvuta mtutu mbele. Bega linapumzika.

Yote hayo ni kweli. Lakini fundi alimweleza habari za bega tu. Hakumwambia kwamba hewa iliyochepuka inakwenda na mshindo wake, pembeni na nyuma kidogo, kule kule anakosimama mwenzako. Hilo mpaka leo linaniuma, maana lilikuwa neno moja tu la kusema.

Tukaenda kuijaribu asubuhi, jua halijakolea. Boksi la katoni lenye duara la mkaa tuliliegemeza kwenye tuta refu la udongo. Mjomba akalala kifudifudi, mtutu juu ya kiroba cha mchanga. Mimi nilikaa kulia kwake, mahali pangu pa siku zote, kwa sababu maganda hurukia upande huo na kazi yangu ilikuwa kuyaokota na kuandika kila mlio kwenye daftari. Masikioni nilikuwa na pamba, ile ya kawaida ya dukani.

Sikumbuki mlio. Nakumbuka shati likinibandika kifuani kama nimepigwa kofi, na vumbi likiinuka ardhini pande zote mbili za mtutu, na punje za mchanga zikiniingia mdomoni. Ganda lilianguka karibu na goti langu. Nililiona likidunda juu ya jiwe, halikutoa sauti. Kisha ikaja sauti moja nyembamba, kama nyenje ameingia sikio la kushoto na kukataa kutoka.

Mjomba alikuwa akicheka kwa furaha. Bega halikumuuma! Akageuka kuniuliza risasi imepiga wapi. Nikaona midomo yake tu. Akaita tena, akaita tena, kisha akaitazama kalamu iliyokuwa imeanguka, na kile kicheko kikazimika usoni.

Hakupiga risasi ya pili. Alitoa risasi zote, akachukua spana na kitambaa, akaifungua breki pale pale mchangani.

Nyenje alikaa siku tatu, akaondoka, akarudi, na usiku kukiwa kimya bado yupo. Daktari alituambia kwamba mlio wa ghafla ukivuka desibeli 140 unaweza kuumiza sikio papo hapo, na bunduki kubwa huvuka hapo hata bila breki. Vile vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Mjomba alisikiliza ameinamisha kichwa, kofia mkononi.

Kwenye kitako cha bunduki alifunga mpira mnene, akajizoeza upya kufyatua bila kufumba jicho, huku bega likimuuma. Breki hakuirudisha tena. Na tulipotoka hospitali siku ile, tukishika njia ya sokoni, alinizunguka kwa nyuma akaja upande wangu wa kulia. Miaka yote iliyobaki ya uhai wake, popote tulipotembea pamoja, alikuwa upande huo.